Ufunguo wa Kabati la Vitabu

Nyumba ya kona,
Nyuma ya karakana ya mbao,
14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko mgodini. U hali gani? Kile kikohozi cha vumbi kimekuacha, au bado unakibembeleza kwa chai? Sisi huku wazima. Goti langu linalalamika kila asubuhi, lakini hilo limezoea kudeka. Binti yako Chiriku amerefuka. Gauni nililomshonea juzijuzi tu sasa limekuwa la mdoli.

Uliniuliza kuhusu kusoma kwake, nikakwepa. Leo nakueleza yote, na ukimaliza unikaripie ukitaka.

Mwaka jana mwalimu wake aliniambia kwamba darasani mtoto hafungui mdomo. Huyu huyu anayetuchosha masikio nyumbani! Akisoma, wenzake wanacheka, basi amekuwa bubu. Wakati huo mtaa wetu ulikuwa umepata ruzuku ya vitabu vya watoto. Tukapewa chumba kando ya kinyozi, wakatafutwa watu wa kujitolea. Nikanyoosha mkono kabla hawajamaliza kuuliza. Nilikuwa namfikiria yeye tu.

Unanijua nilivyo kwa usafi. Vitabu vilifika vikiwa bado vinanukia wino, roho ikaniuma kuvikabidhi kwa vidole vya watoto. Nikachukua vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye kazi zangu, nikavishonea mashati, kila kitabu na kola yake na vifungo viwili. Kutoka chumbani, marufuku. Mtoto anawe mikono, akae, nimfungulie vifungo mimi mwenyewe. Ufunguo wa kabati nikauvaa shingoni. Watu wakanisifu, nami kichwa kikavimba.

Kisha kitabu kimoja kikatoweka. Nilifoka! Nikatangaza mbele ya watoto wote, Chiriku akiwamo, kwamba mwizi nikimpata hatakanyaga tena mle ndani. Nikamshuku hata kinyozi maskini, eti kakichukua kuwapa wateja wanaosubiri zamu. Tulinuniana wiki mbili nzima.

Wiki iliyopita akaja mama mkaguzi, kuamua kama tutaendelea kupewa ruzuku. Nilimpokea kwa tabasamu la meno yote. Akafungua vifungo vya kitabu kimoja, akageuza kurasa, akachukua kingine, na kingine. Kisha akaniambia kwa upole, "Vimependeza, mama. Sasa nionyeshe kilichosomwa."

Mdogo wangu, nilipekua kabati zima. Vyote vilikuwa kama vimetoka dukani jana. Akafunga daftari lake, akasema kama ni hivyo itabidi vipelekwe mtaa mwingine wenye watoto wanaosoma.

Chiriku, aliyekuwa amekaa pale na wenzake, akatoka mbio kuelekea nyumbani. Aliporudi, mkononi alikuwa na kile kitabu kilichopotea, hakina shati, pembe zimejikunja, doa la maziwa katikati. Akampa mama yule bila kunitazama. Akaambiwa asome. Akaweka kidole chini ya mstari, akaanza, akakwama, akarudia, akaendelea. Hakuna aliyecheka. Alimaliza ukurasa, akafunua wa pili bila kuambiwa.

Ruzuku imeendelea, kwa sharti kwamba vitabu viende majumbani. Mashati nimeyavua. Ufunguo sasa unakaa kwa kinyozi, ambaye nimemwomba radhi. Amenisamehe, ila ametaka nimshonee koti la kazi.

Tulipobaki wawili nilimuuliza mwanao kwa nini hakuniambia. Akasema, "Shangazi, ningekuambiaje? Si ulisema mwizi hataingia tena? Mimi nilitaka tu kusoma mahali ambapo hakuna wa kunicheka." Nililia, sikufichi. Nilijitolea kwa ajili yake, kumbe aliyekuwa akimwogopa kuliko wote ni mimi. Tafadhali usimgombeze. Kama kuna wa kugombezwa, anwani yake unayo.

Mama anakuombea kila siku. Shemeji yako, fundi viatu, anakusalimu na kukukumbusha picha uliyoahidi kututumia. Nisalimie na yule mpishi wenu mcheshi. Mungu akulinde huko chini ya ardhi na akupandishe salama kila jioni.

Naishia hapa, kwa maana Chiriku yuko jikoni anasoma kwa sauti, peke yake. Nimekaa kimya na kujifanya sisikii, asije akanyamaza.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata unapochelewa kujibu.