Piga Magoti Tafadhali, Mzee

Jumapili, Kilosa. Mvua imenyesha asubuhi yote, ikakatika ghafla, na sasa jua linawaka utadhani halikuwepo. Barabara ya kuja huku stesheni ni tope tupu. Mwenye kafe ya intaneti ametuamuru tuache viatu mlangoni, kwa hiyo naandika haya nikiwa pekupeku, vidole vya miguu vimejaa udongo, na moyo wangu mweupe kabisa.

Nimepata kazi Uarabuni.

Au niseme vizuri: kazi imenipata, imebaki mimi kuitika. Kesho mchana natakiwa nimpigie simu bwana mmoja nimwambie ndiyo au hapana. Kampuni yake ina mkataba na jeshi, ina kambi huko Kuwait, na inatafuta mwalimu wa Kiingereza wa kuwafundisha walinzi wa getini. Walinzi wenyewe wanatoka pande zote za dunia, wengine huku huku kwetu Afrika. Wanajua bunduki, lugha hawaijui.

Mnaosoma blogu hii, wote wanne, mnajua nimehangaika kiasi gani. Kila tangazo la kazi za ualimu Uarabuni nililolifungua kwenye kompyuta hii hii lilikuwa zuri hadi mstari wa mwisho: mwombaji awe raia wa nchi ambako Kiingereza ni lugha ya kuzaliwa. Basi. Hata kama umekifundisha tangu ulipotoka chuoni, darasani watoto watatu wanagombea dawati moja, wewe hupo. Anaitwa kijana aliyemaliza chuo juzi, sifa yake kubwa ni kwamba alizaliwa mahali pazuri.

Mimi Kiingereza changu kimenyooka. Sisemi hivyo kwa majivuno. Haya, nasema kwa majivuno kidogo.

Na sababu ya kutaka kwenda wala siifichi. Nataka kumjengea mama nyumba huku juu, upande wa mlimani. Nyumba yetu iko karibu na mto Mkondoa, na kila masika maji yanapiga hodi, mwaka mwingine yanaingia bila kukaribishwa. Baba alipopunguzwa kazi reli alisema atatuhamisha. Akafariki hajatuhamisha. Mshahara wa shule ya kata haujengi nyumba, unajenga subira tu. Wa Kuwait unajenga.

Sasa niwaeleze nilivyoipata.

Kila Jumamosi huwa naenda Mikumi kufundisha Kiingereza walinzi wa hoteli moja iliyo nje kidogo ya hifadhi. Tunasomea nyuma ya jiko, kwenye mabenchi, malori ya barabara kuu yakinguruma hadi inabidi nisimamishe sentensi katikati. Mwezi huu alifikia pale mzee wa Kizungu, mwanajeshi mstaafu, walinzi wanamwita Kapteni. Alikuwa likizo, amekuja kuona tembo. Badala yake akaniona mimi. Alisimama akasikiliza darasa langu somo zima, halafu akaniambia kampuni anayoifanyia kazi inatafuta mtu kama mimi, na yeye haulizi pasipoti imetoka wapi. Anachotaka ni kuona naweza kumtoa mtu sifuri nikamfikisha mahali. Akanipa kurasa chache za somo lao, akasema Jumamosi inayofuata nifundishe mbele yake.

Hiyo Jumamosi ilikuwa jana.

Somo lenyewe lilikuwa amri za getini, kwa Kiingereza. Simama. Mikono juu. Geuka. Piga magoti.

Kwenye benchi la mbele hukaa Mzee Kibwana. Ni mkulima wa Msowero, ana umri wa kumzidi marehemu baba, analinda hoteli kwa sababu shamba peke yake halimtoshi. Mimi na yeye tuna utaratibu wetu. Nikifika nampa shikamoo yake, ananiitikia marahaba kwa raha zote, halafu darasa likianza anasimama kunisalimu pamoja na wenzake, kwa sababu mle ndani mimi ni mwalimu na yeye ni mwanafunzi. Heshima inakwenda huku na kurudi, hakuna anayepungukiwa.

Kando yake hukaa Saitoti, kijana wa Kimaasai. Ng'ombe wa baba yake wanachungwa huko huko Msowero. Anayejua habari za Msowero anajua wakulima na wafugaji hawakuishi wakibusiana. Ng'ombe waliingia mashambani, maneno yakatoka, na zaidi ya maneno. Lakini hawa wawili wanalinda zamu moja na wanakunywa chai ya chupa moja, na mimi nimekuwa nikiliangalia hilo kwa furaha bila kusema kitu.

Kapteni, katika watu wote, akawaonyesha hao kwa kalamu yake. Saitoti awe mlinzi. Mzee Kibwana awe mtu aliyefika getini.

Simama, ilikwenda vizuri. Mikono juu, Saitoti aliisema akiangalia chini. Geuka, sikuisikia vizuri kwa sababu ya lori la miwa lililokuwa likielekea Kidodi, lakini Mzee aligeuka. Ikabaki piga magoti.

Haikutoka.

Mzee Kibwana alikuwa tayari. Ameshakunja suruali kidogo, mwanafunzi mtiifu, anasubiri aamriwe. Asiyeweza alikuwa Saitoti. Alitafuna midomo. Akavua kofia ya kazi, akamsogelea Mzee, akamwinamishia kichwa. Kwao ndivyo kijana anavyomwamkia mtu mzima, anampa kichwa akiguse. Mzee, ambaye ameishi jirani na Wamaasai maisha yake yote, hakushangaa. Akaweka kiganja juu ya utosi wa Saitoti, akasema, "Marahaba, mwanangu."

Ndipo Saitoti, akiwa amemaliza wajibu wake, akarudi hatua moja, akavaa kofia, akasema kwa Kiingereza safi: piga magoti tafadhali, mzee.

Darasa zima tulipiga makofi. Na mimi nilipiga, tena kwa nguvu. Nilijua amekosea somo, lakini sijawahi kuona mtu akikosea vizuri namna ile.

Kapteni hakupiga makofi. Akasema, bila ukali, kwamba getini hakuna tafadhali na hakuna salamu. Mtu anayefika pale unaweza usijue amebeba nini chini ya shati. Mlinzi akianza kuamkia watu, wenzake watakufa. Rudieni.

Saitoti akaniangalia mimi. Mzee naye akaniangalia mimi. Na hapo, mabibi na mabwana, ndipo nilipoonyesha kwamba ualimu siyo cheti. Nilimwomba Mzee akae. Nikaenda nikasimama alipokuwa amesimama yeye.

"Mimi ndiye niliyefika getini," nikamwambia Saitoti. "Niamuru."

Akacheka. Mimi na yeye ni rika, hakuna cha kuamkiana. Akaamuru, nikapiga magoti kwenye simenti. Nikamrekebisha nikiwa chini pale pale: usiimalizie juu kama unaniuliza, ishushe. Usiniangalie miguu, niangalie usoni. Tena. Nikainuka, nikapiga magoti tena. Toa tafadhali. Tena. Mara ya mwisho alinitazama machoni, akaitoa amri kutoka tumboni, na mpishi akatokea mlangoni na mwiko kuona kuna nini.

Kapteni akanipa mkono. Alisema amefanya kazi na walimu wengi, na wachache wangeweza kufanya nilichofanya kwa somo moja. Akamgeukia Saitoti akaniambia na huyu naye nimwandae, wanahitaji vijana wa namna hii.

Nilirudi Kilosa kwenye basi nikiwa nimekaa juu ya ndoo ya mtu na sikuumia mahali popote.

Mama alikuwa anachambua mchele. Nikamwamkia, akaitikia, nikamsimulia yote, hadi kipande cha magoti. Akacheka mpaka ungo ukayumba.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, baba," akasema. "Wewe umepiga magoti kabisa!"

Halafu akauliza, kule mlimani maji ya bomba yanafika? Nikasema yanafika. Akasema basi vyumba vitatu vinatosha, cha nne atafanya nini nacho, na jiko likae nje, moshi wa ndani ameuchoka. Alikuwa ameshaanza kujenga. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilimwona na furaha ile.

Kwa hiyo jibu la kesho mnalijua. Nilikuja hapa kafe kuandika kwamba nakwenda, na kuwaaga wanafunzi wangu wa kidato cha nne kwa maneno mazuri ambayo nimeyapanga tangu jana. Nilitaka pia kuwaambia walimu wenzangu wa mikoani kwamba mlango upo, wasikatishwe tamaa na mstari wa mwisho wa tangazo. Mtu ajiamini tu. Kizuri chajiuza.

Ngoja. Simu inaita. Ni Saitoti.

Nimerudi.

Nimekaa mbele ya kompyuta hii muda mrefu bila kugusa kitu, mpaka mwenye kafe ameniuliza kama mtandao umekatika. Nimemwambia hapana.

Nilitoka nje kupokea simu, pekupeku kwenye matope. Saitoti alikuwa na furaha, sauti inaruka.

"Mwalimu, sikiliza hii," akasema. "Usikate."

Nikasikia akiiweka simu kando. Halafu nikasikia ile amri. Piga magoti, kwa Kiingereza, mara moja tu, imeshuka mwisho kama nilivyomwambia, haina tafadhali, haina mzee. Kama ningekuwa simjui, ningepiga magoti pale pale kwenye tope la stesheni. Akarudi kwenye simu anahema.

"Nimepatia?"

"Umepatia. Unafanya na nani?"

"Na Mzee Kibwana. Tupo tangu asubuhi, ananisaidia mazoezi."

"Anapiga magoti?"

"Kila mara, Mwalimu. Anasema hii ni shule."

Nikamuuliza kama amemwamkia. Akasema ndiyo, alimwamkia walipokutana asubuhi. "Lakini sasa tuko mazoezini," akasema, kwa sauti ya kunituliza, kama mtu anayemweleza mwalimu wake kitu ambacho mwalimu mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

Mzee akaomba simu. Nikampa shikamoo, akaitikia. "Mwalimu," akasema, "kijana ameiva. Jana alikuwa ananiogopa, leo haniogopi hata chembe. Wamchukue." Alikuwa na fahari ya kweli. Nyuma yake nilimsikia Saitoti akijirudia peke yake, amri ile ile.

Nimeona haya. Sina neno jingine. Hakuna aliyekosea: Saitoti anatafuta maisha, Mzee anamsaidia kijana wa zamu yake, hata Kapteni alisema kweli, getini watu wanakufa. Lakini jana saa za asubuhi palikuwa na kijana asiyeweza kumwamuru mtu mzima apige magoti bila kwanza kumpa kichwa chake akiguse. Nikamfundisha kuweza. Ilinichukua somo moja, na nilipewa mkono kwa ajili hiyo.

Huko Kuwait ningekuwa na darasa la namna hiyo kila siku. Kila mmoja angefika na heshima zake za kwao ambazo mimi sizijui hata majina, na kazi yangu ingekuwa kuzitoa, taratibu, kwa ustadi, hadi zibaki amri tupu. Kapteni atampata mwalimu mwingine, najua. Huenda huyo mwalimu akawa mbovu. Namwombea awe mbovu.

Siendi.

Naliandika nikiwa na akili zangu timamu, na wala siyo kwa sababu nina wasiwasi kama ningeiweza ile kazi. Ningeiweza kuliko hao wote wenye pasipoti nzuri. Mimi najua kufundisha, na ndiyo maana siendi.

Jengo la mama litabidi liende polepole, kwa fedha za tuisheni na za mpunga, tofali baada ya tofali, na masika ijayo tutainua tena vitanda juu ya matofali hayo hayo, maji yapite chini. Nitamwambia leo jioni, kabla hajaongeza chumba cha nne. Atanuna, naye ana haki ya kununa. Kesho mchana nitampigia Kapteni nimwambie hapana.

Ila kuna Jumamosi. Nitakwenda Mikumi kama kawaida, nitampa Mzee Kibwana shikamoo yake, na Saitoti atakuwa ameshasikia. Ataniuliza kwa nini mimi nimekataa na yeye nimwache aende. Nimeshajaribu kulipanga jibu hapa, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na sijalipata kwa lugha yoyote.