Kila Kitu Isipokuwa Soksi

Jumamosi, 4 Mei

Chiriku kaja asubuhi na sketi yake ya kijivu, ile ya kazini. Kanipa huku anaangalia dirishani. Mama, nisogezee kifungo. Kidogo tu, kama kidole kimoja.

Kidole kimoja!

Nimevaa kastabini, nimetafuta uzi wa kijivu, nimekata kifungo, nimekishona upya ukingoni mwa mkanda. Uzi nimeukata kwa meno na hapohapo nikaubana mdomo. Nilimwuliza tu kama atakunywa chai. Hataki. Tangu lini binti yangu hataki chai?

Mimi sijui chochote. Nimesogeza kifungo, basi.

Ila mdomo wangu haukuumbwa wa kufungwa, najijua. Ndiyo maana nimechukua hili daftari lililobaki enzi zake za shule. Niliishia darasa la nne, mwandiko wangu kama kuku kapita kwenye majivu — nani atausoma? Heri nimwage humu kuliko barabarani.

Mwaka jana aliponinong'oneza, nilifuma soksi ndogo jioni ileile. Sikumwambia mtu, naapa. Ila nilizifua, nikazianika, na kamba yetu iko upande wa njia. Kufika mchana mtaa mzima umeshanipa hongera! Halafu mtoto hakukaa. Na kila aliyeziona zile soksi kwenye kamba akawa anamsimamisha binti yangu njiani, vipi, tumbo mbona halionekani? Akajibu, akajibu, mwisho akaacha kupita njia yetu. Tulimwita Chiriku tangu mdogo kwa sababu alikuwa hanyamazi. Sasa maneno yake unayaokota mojamoja, kama mchele uliomwagika.

Akaniambia taratibu: Mama, siku nyingine usifume kitu chochote kidogo mpaka niseme mwenyewe. Nikakubali.

Nilikubali.

Jumatatu, 6 Mei

Mikono inaniwasha. Nimeona niipe kazi kabla haijajitafutia.

Nimefuma kofia ya birika. Sufu ya kahawia, mabaki ya sweta la Baba Watoto. Mdomo unatokea upande huu, mkono upande ule, juu nimeweka kishada. Imekaa! Nimelizunguka birika kama bibi harusi.

Baba Watoto kaja kutoka kwenye karakana yake, uso umejaa masizi ya kuchomelea, kaliangalia. Huyu naye anasikia baridi? Nikamwambia heri yeye anasikia, kuna wengine hawasikii hata ukipiga kelele. Kamimina chai yake. Ilikuwa moto, kaungua ulimi. Kofia inafanya kazi.

Alhamisi, 9 Mei

Mito ya kochi imeshapata foronya mpya, na zipu nimeweka mwenyewe bila kupinda. Mtungi wa gesi una sketi yenye marinda. Sufu imeniishia, nimeenda kwa Muuza Uzi.

Makosa yangu ni kugusa. Kaweka mbele kabisa uzi wa njano, njano ya siagi, laini mpaka unahisi umeshika shavu. Nimeugusa na mkono ukakataa kurudi. Muuza Uzi ana macho ya mwewe. Shoga, huo si wa mitungi ya gesi huo! Una mgeni nyumbani?

Mgeni wapi, nikasema, nipe wa kahawia.

Kanipa wa kahawia. Na wa njano. Donge moja tu. Donge moja halijafumwa, halina umbo, halina miguu. Si soksi. Sijavunja kitu.

Pa kulificha ndiyo shida. Mkebe wa biskuti kila mtu anajua hauna biskuti, una nyuzi, kwa hiyo hapo hapafai. Kabatini Baba Watoto anatafuta soksi zake kila asubuhi kama polisi. Nimelifunga kwenye mfuko wa plastiki nikalizika ndani ya debe la unga. Debe hilo halifunguliwi na mtu isipokuwa mimi. Nimejisifu!

Jumapili, 12 Mei

Wamekuja kula mchana, Chiriku na mkwe wangu. Nimepika supu ya maboga, mkate wangu mwenyewe, na keki ya sufuria. Keki imepasuka juu, nimeifunika na sukari, hakuna aliyejua.

Mkwe ni dereva wa malori, mtu wa kupiga breki nne kabla ya kusema neno. Leo kambebea mkewe mkoba. Kamvutia kiti. Chiriku alipotaka kuinua sufuria, mkwe karuka kama kaungua: Acha, acha, nabeba mimi! Halafu kaniangalia mimi, kaona aibu, kaanza kuusifu mtungi wa gesi. Mama, huu umependeza sana. Na marinda!

Nikaanza kukaanga vitunguu vya mboga. Chiriku akasimama, anakwenda kuangalia nguo kwenye kamba kama zimekauka. Kamba haikuwa na nguo hata moja. Nilimwona kupitia dirishani, kashika nguzo, anavuta hewa.

Baba Watoto akanitazama. Nikamtazama. Akainua kijiko, nikainua mwiko. Miaka yote ya ndoa hatujawahi kuongea sana kama hapo, na hakuna aliyefungua mdomo.

Aliporudi nimezungumzia chumvi. Chumvi ya mawe, chumvi ya unga, ipi inayeyuka upesi. Nimeisema mpaka chumvi yenyewe imechoka.

Vitunguu nimevimwagia maji.

Jumatano, 15 Mei

Redio imevaa. Baba Watoto anasema sasa inaongea kama ina mafua.

Mvua. Nimefuma, nimefumua, nimefuma. Vitanzi vya leo vimekazana, sindano haipiti. Mkono ukiwa na hofu unabana. Nimeviacha.

Jumamosi, 18 Mei

Sketi imerudi! Mama, samahani, kile kifungo.

Nimeuangalia mkanda. Kitambaa hakipo tena, kifungo kimeshafika mwisho wa dunia. Angesema tu hapo. Nilimpa nafasi, nikatunga uzi polepole, nikautunga tena. Katazama birika. Kasema kofia nzuri. Basi.

Nikamwambia niachie, njoo jioni.

Nimefumua mkanda wote. Pembeni kulia na kushoto nimeingiza kipande cha kitambaa na lastiki ndani yake, lastiki pana, laini, isiyobana wala kuacha alama. Kwa nje huoni kitu, ni sketi ya kazini vilevile. Anaweza kukaa kwenye kile kidirisha chake cha tiketi kutwa nzima, na itamfuata. Itamfuata leo, itamfuata mwezi ujao, hana haja ya kuja kuniomba tena huku anaangalia dirishani. Nimefurahi na mshono ule! Umelala kama haujaguswa.

Kaja jioni, kaivaa chumbani. Kakaa humo muda. Katoka, kasema ahsante Mama, kaondoka haraka.

Sasa hivi ndiyo nimeelewa nilichofanya. Kidole kimoja ni kifungo. Lastiki ni maneno! Nimesema kila kitu, na kwa lastiki!

Jumatatu, 20 Mei

Hajapiga simu. Jana hakuja.

Jamu ya machungwa imeungua. Nilikuwa nimesimama palepale, mwiko mkononi, na sikuona. Sufuria nimeiloweka.

Nimemwambia Baba Watoto nimeharibu, nimemkimbiza mtoto tena. Anapaka mafuta bawaba, hata hakuinua kichwa. Umeharibu nini? Umemwongezea sketi. Nikasema wewe hujui lastiki. Akasema ninachojua chuma kikibanwa sana kinapasuka, na wewe hukubana. Haya, hiyo jamu haifai hata kidogo?

Ile ya juu ilifaa. Kala na mkate vipande vitatu. Mwanamume huyu ningemfumia kofia kama angekaa nayo kichwani.

Jumanne, 21 Mei

Ujumbe kutoka kwa mkwe! "Mama shikamoo. Sketi imekaa vizuri. Anasema ahsante."

Nimeusoma mpaka simu imezima. Kwa nini kaandika yeye? Kwa nini asiandike Chiriku? Lakini "anasema", maana yake alisema. Na "imekaa vizuri". Imekaa. Angeweza kusema imetosha. Kasema imekaa.

Baba Watoto anasema hiyo ni sketi, si barua ya serikali.

Ijumaa, 24 Mei

Muuza Uzi kanidaka kwa muuza mboga, mbele za watu. Shoga! Ile njano umeifikisha wapi? Tuandae hongera au bado?

Watu wamegeuka. Nikaona ile kamba ya mwaka jana mbele ya macho yangu, soksi zinacheza na upepo.

Nikasema nafuma kofia za mayai.

Za nini?

Za mayai, ya kuchemsha. Yasipoe mezani. Ndiyo mtindo.

Mama mmoja mwenye kapu kaniuliza kama nauza.

Nimerudi nyumbani nimefuma kofia za mayai. Za kahawia. Ningefanyaje? Uongo nao unataka kuvishwa. Zimependeza mno, kila moja na kishada chake. Baba Watoto kala yai lake jioni akiwa amelivua kofia kwa heshima, kalisalimia.

Jumatano, 29 Mei

Chiriku kapiga simu mwenyewe. Sauti yake! Anataka kujifunza mkate. Jumamosi yupo mapumziko. Mama, nifundishe kukanda, ule wa dukani umenishinda, una harufu.

Una harufu. Nikasema ehe, wa dukani una harufu sana, hata mimi naisikia. Sijawahi kuisikia.

Nimeosha vitambaa vya jikoni vyote. Nimenunua hamira mpya. Nimejipangia cha kusema na cha kutosema. Cha kutosema kimejaa.

Jumamosi, 1 Juni

Naandikia jikoni, kwenye kona ya meza, mkono una unga. Yeye yupo sebuleni. Niandike upesi.

Kaja na sketi ileile na blauzi ya kuachia. Kafunga aproni yangu. Nikamimina maji ya uvuguvugu, hamira, sukari kijiko, namwonyesha povu linavyopanda, anacheka kidogo. Nikageuka kuwasha oveni. Nikamwambia, chota unga vikombe vinne humo debeni.

Humo debeni! Mimi mwenyewe! Kwa mdomo wangu!

Nimegeuka, mkono wake umo ndani mpaka kwenye kiwiko. Kasimama. Anapapasa. Kautoa mfuko, mweupe mzima kama mzimu, kaufungua. Donge la njano mkononi mwake.

Hamira ndiyo ilikuwa inaongea, pss, pss.

Nikasema ni ya kuzuia wadudu.

Ya kuzuia wadudu, Mama?

Kwenye unga. Wanaogopa njano.

Kaniangalia. Nami nikaangalia dirishani, zamu yangu. Nikasema sijafuma, mwanangu. Naapa sijafuma hata kitanzi. Nimefuma birika, nimefuma redio, nimefuma mayai — kaangalie mwenyewe.

Akaanza kucheka. Si kile kicheko cha siku hizi cha kuonyesha meno. Kile chenyewe, cha Chiriku, kinachoanzia puani na kumkunja! Kashika meza. Mayai, Mama! Mpaka machozi, na machozi yale baadaye hayakuwa ya kucheka, na sikuuliza. Nimemfuta unga shavuni kwa aproni, nikampaka mwingine zaidi.

Tukakanda. Ana mkono mzuri, hana papara. Tumelifunika donge la unga tukaliweka karibu na oveni liumuke. Kanawa mikono. Kachukua lile la njano, kalipangusa, kaniletea na sindano.

Nianzishie.

Nikamwambia kuanza kunategemea. Vitanzi vingapi? Inategemea tunafuma nini. Sauti yangu imekwenda juu kama ya jogoo mchanga.

Kasema anza tu, Mama. Anza vichache.

Nimeanza vichache. Havikubana, sindano ilipita kama kwenye siagi. Nikasimama, nikamtazama. Ongeza viwili, kasema. Nikaongeza. Hapo, kasema. Hapo panatosha.

Ninajua ni nini kinachoanza na vitanzi hivyo. Hata kipofu anajua. Sikutaja. Nimemwonyesha uzi unavyopita nyuma, kaushika ulimi katikati ya meno kama alipokuwa mdogo, kafuma mstari wake wa kwanza, umepinda, mzuri. Halafu kasema, bila kuinua macho, kama anayeongea na sindano:

Hizi tukizifua, tutaanika ndani.

Nikasema ndani, mwanangu. Bafuni. Na mlango tutafunga.

Nimekimbilia huku nikisema naangalia mkate. Mkate hauhitaji kuangaliwa, unaumuka wenyewe. Sijui ni mwezi wa ngapi. Sijui daktari kasema nini. Hajasema, na mimi sijauliza, na jua limeingia mpaka juu ya meza, na nguo za —

Ananiita. Mama! Kitanzi kimeniponyoka!

Usivute, namwambia. Usivute chochote. Kishike hapohapo na kidole, nakuja —