Picha Niliyomchapia Bibi Yako

Mghoi mjukuu wangu,

Habari za Voi, na mama yako anaendeleaje? Huku ughaibuni, Ladywood, tupo. Lifti imeharibika tena na goti linalalamika, lakini nashuka hivyo hivyo.

Umeniuliza kwa nini bibi yako anang'aa kwenye simu ya mama yako, ilhali picha hiyo hiyo kwenye programu ya mazishi yake, ile karatasi iliyogawiwa kanisani, uso ni giza, hata macho hayaonekani. Kosa ni langu.

Miaka ile ya elfu mbili na kitu nilikuwa mchapishaji huku huku, mtaa wa Digbeth. Kila mteja nilimchapia nakala moja kwanza, nikaipeleka dirishani kuikagua. Ya mke wangu sikuikagua. Nilikuwa nimepandisha mwanga wa skrini mpaka mwisho, uso wake ukarudi kama kabla hajaugua, nami sikutaka kuondoka pale. Nikachapa mia mbili kwa mpigo. Nilisahau jambo nililokuwa nikiwafundisha wenzangu: skrini ina taa yake ndani, karatasi haina. Wino unategemea mwanga wa pale ulipo.

Kanisani mama yako, wakati huo msichana wa miaka kumi na sita, aliitazama programu, akailaza kifudifudi mapajani.

Baadaye nilichapa nyingine, nzuri, ndiyo iliyo ukutani kwangu. Wewe ukichapa, anza na moja.

Bibi yako tulimwekea ile ya kwanza, yenye giza, mikononi, kisha jeneza likafungwa.

Babu yako,
Mwakio