Mistari Mitatu Kwenye Kaki

Jumamosi, 2 Mei 1964

Mashati sita ya kambini leo. Nimeshona galoni, zile alama za cheo za mkononi: za makoplo wawili, za masajini watatu, na za mmoja ambaye juzi tu alikuwa mpishi. Tangu uhuru kila mtu anapanda. Wakati wa Wabelgiji mtu alizeeka na mstari mmoja mkononi. Sicheki. Mume wangu Anselmi naye amepanda, ni sajini mwaka wa pili sasa, na mistari yake mitatu niliishona mwenyewe kwa uzi wa nyavu, ule wa wavuvi. Haing'oki. Kambi nzima inaujua mshono wangu.

Nimefua shati lake, nimeanika. Jua kali. Kaki yote imechujuka, imekuwa rangi ya nyasi kavu.

Alhamisi, 7 Mei

Waasi wako kwenye tambarare. Barabara ya Bukavu imefungwa. Binti yetu Estella yuko Luberizi kwa mama yangu. Nilimpeleka Pasaka na sikumrudisha. Naogopa. Anselmi anasema ni vijana wa mikuki tu, lakini anasema huku akitazama dirishani. Eti mganga wao huwamwagia maji ya dawa, risasi haziwaingii. Askari wetu wanaiamini dawa hiyo kuliko waasi wenyewe.

Ijumaa, 15 Mei

Mji umeanguka. Haikuchukua hata asubuhi nzima. Askari walivua nguo wakikimbia. Mashati, kofia, mikanda, mtaa wote wa Mulongwe umejaa kaki. Niliyaona mawili kati ya yale sita niliyoshona, galoni zangu bado zimekaa.

Anselmi alifika saa nne. Akavaa nguo za marehemu kaka yangu, akaniambia nichome sare yote. Amekwenda Nyamianda, ng'ambo ya daraja, kwa shangazi yangu, Mama Roza, kujificha nyuma ya magunia ya muhogo. Binamu yangu mvuvi atamvusha ziwa hadi Burundi kwa mtumbwi, ulinzi ukilegea.

Nimechoma suruali na kofia. Shati bado.

Jumamosi, 16 Mei

Sikulichoma. Nakiri hapa tu. Kitambaa hakuna madukani tangu mwaka jana, na kaki ile ni nzito, itadumu miaka kumi. Masista walitufundisha kwamba mshonaji hatupi hata kipande cha ukubwa wa kiganja. Kuchoma shati zima! Mkono ulikataa.

Nimefumua galoni kwa wembe. Saa nzima, nikiulaani mshono wangu mwenyewe. Galoni nimezitupa chooni. Kutokana na shati nimeshona mfuko wa unga. Pale zilipokuwa galoni jua halikuwahi kufika, kaki imebaki mbichi: mistari mitatu ya kijani kilichokolea. Nimeigeuzia ndani. Nani atachungulia ndani ya mfuko wa unga?

Jumanne, 19 Mei

Kuna barieri darajani, kizuizi cha waasi. Kila siku napita na unga na ndagala, dagaa wa ziwani. Wanatia mkono, wanauchovya unga, wananiacha. Nafika Nyamianda kabla ya saa sita.

Anselmi amekonda. Hana raha kulishwa kama mtoto. Leo alisema siku nisipofika saa sita atajua wamenikamata. Nikamwambia hata iwe hivyo asitoke.

Ijumaa, 22 Mei

Binamu anasema Jumatatu. Siku tatu tu. Nikianza kusali nakasirika, naacha.

Jumapili, 24 Mei

Niandike ilivyokuwa.

Barieri ilikuwa na mtu mpya, mwenye mvi. Wenzake wanamwita Mzee. Alikuwa askari enzi za Wabelgiji. Alimwaga unga wote kwenye mkeka akitafuta risasi. Kisha akaugeuza mfuko ili aukung'ute. Akapitisha kidole juu ya mistari, wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Sajini," alisema. "Iko wapi?"

Nikasema shati nililiokota njiani kama watu wote. Ulikuwa uongo mzuri. Hakunipiga. Alinikalisha chini, juani. Saa sita ikapita. Saa nane. Nilikuwa najisifu moyoni kwa kufunga mdomo. Mjinga mimi. Nilisahau nani ananingoja.

Saa tisa nilimwona anakuja kutoka Nyamianda, suruali ya kaka yangu ikimwishia juu ya vifundo vya miguu. Anatembea kama askari. Hajui kutembea vingine. Mzee akamtazama, akanitazama.

"Weye mama, unamujua huyu muntu?"

"Minye simujue."

Anselmi alisikia. Alisimama. Macho yake yalikwenda kwenye mfuko, pale kwenye mkeka, umegeuzwa ndani nje. Akaelewa. Nilitaka ardhi inimeze.

"Hiyo nguo iko yangu," alisema. "Huyu mama iko mushonaji tu. Mumuache aende."

Wakaniacha. Walinirudishia hata mfuko.

Jumatatu, 25 Mei

Wamemuua jana hiyo hiyo, ufukweni. Mke wa binamu aliona. Mwili hawautoi.

Asubuhi mtumbwi ulikuwa tayari.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu nilimshona kwa mikono yangu, nikamtembeza mjini siku nane. Aliniambia nichome. Neno moja tu, nichome. Na la mwisho alilosikia kinywani mwangu ni kwamba simjui.

Ijumaa, 29 Mei

Sili. Mama Roza analeta chakula, anakirudisha.

Estella hajui. Barabara bado imefungwa. Nashukuru imefungwa, Mungu anisamehe.

Jumamosi, 13 Juni

Mzee wa barieri alikuja na shati jipya, kaki ya ghala la kambi, bado inanuka sanduku. Wamempandisha. Naye anataka galoni za mistari mitatu. Alisema amesikia habari za mshono wangu, nizikaze.

Sikuwa na nguvu za kukataa. Nilishona kwa uzi wa nyavu, mikono ikifanya yenyewe. Alizivuta, hazikutikisika. Akashukuru. Alisema mkewe ndiye atakayelifua, yuko Nyamianda.

Nilimwambia amwagize alianike kivulini. Hakuuliza kwa nini, nami sikumwambia kwamba jua likichujua kaki, mistari hubaki chini ya galoni. Alilikunja shati, akaenda zake.