Ng'ombe wa Koti la Mzee Ngasa

Bariadi,
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Atupele,

Shikamoo dada. Nakusalimu kwa kidole kilichochomwa sindano siku nyingi, na wala sina ugomvi nacho, maana furaha niliyo nayo inatosha kufunika maumivu. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Tukuyu? Mama mguu umepona au bado anatembea kwa kuvizia? Na ile migomba iliyoangushwa na upepo, mmeshaitia nguzo? Sisi huku wazima. Jua la Bariadi ni lile lile, vumbi ni lile lile, na mume wangu Masunga ni yule yule, bado anaamini ugali bila maziwa mgando ni adhabu.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Dada, wewe kwenye simu unauliza maswali kabla mtu hajafika kwenye nukta. Habari hii nataka uisome mpaka mwisho ukiwa umenyamaza.

Baba mkwe wangu, Mzee Ngasa, alituacha mwaka jana, hilo unalijua. Wakati wa kuanua matanga ulipokaribia, ndugu wakaanza kuulizana nguo zake zitagawanywaje, maana ndiyo desturi: kila mtoto na kila mjukuu aondoke na kitu cha marehemu. Tatizo ni kwamba mzee alikuwa mtu wa nguo chache. Mashati matatu, suruali mbili, koti moja. Wajukuu sasa! Nyumba hii inazaa, dada, sikutanii.

Balaa lenyewe lilikuwa kwenye koti. Masunga akasema ni lake kwa kuwa ndiye mkubwa. Mdogo wake Maduhu, yule anayefanya biashara ya samaki Lamadi, akasema koti alimnunulia baba yeye, kwa hiyo linarudi kwake. Wewe unaweza kucheka, ni koti tu la mtumba, kola imelika. Lakini ndilo mzee alilovaa mnadani, kanisani na kwenye posa yangu. Ndugu hawa wawili wakaacha kusalimiana. Dada, kwa Wasukuma kuacha salamu si jambo dogo. Huku mtu anakuuliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua, ndipo anakwambia nyumba yako inaungua. Sasa uone Maduhu anaingia uani, anamsalimu kila mtu, anafika kwa kaka yake, anapita kama amepita kigogo. Mama mkwe wangu, ambaye wote tunamwita Mayu, alikonda kwa ajili hiyo. Akaniambia, "Nimeshamzika mume. Nisije nikazika na undugu wa wanangu."

Nikatoa wazo. Wewe ndiwe uliyenifundisha cherehani, unajua mdomo wangu unavyotangulia. Nikasema nguo zikatwe, kila mtu ashonewe mto mdogo wa ukumbusho.  Kukata nguo za marehemu! Masunga alinitazama kana kwamba nimeomba kuchinja ng'ombe wa maziwa. Ila Mayu akasema, "Kata shati moja kwanza. Nikipendezwa, utakata na koti. Nisipopendezwa, hutagusa kitu tena, na wao waendelee na ujinga wao."

Dada, nilishona! Nilichagua sehemu nzuri tupu, mgongo na kifua, nikaviacha pembeni viraka vya viwiko, na kola, na vifungo visivyofanana. Nilifuata kanuni yako kwamba fundi hodari haonyeshi kiraka. Mto ukatoka mzuri, ungeuweka dukani. Nikampelekea Mayu nikiwa nimevaa kanga mpya, najiona mshindi.

Akaugeuza. Akaubonyeza. Akaurudisha mapajani mwangu.

"Ng'wanone, mto ni mzuri," akasema. Ng'wanone ni mwanangu, na kwa sauti ile nilijua nimeshindwa. "Lakini Ngasa simwoni humu."

Machozi yalinijia pale pale, sikufichi. Nikajua ndiyo basi, koti litawagawa watu hawa mpaka kaburini. Mayu akainama kwenye mfuko wangu wa vipande vya kutupa, akachakura, akatoa kiraka cha kiwiko.

"Huyu hapa!" Akaanza kucheka, Mayu ambaye alikuwa hajacheka tangu msiba. "Hiki alikitia mwenyewe, kwa shazia ya kushonea magunia ya pamba. Nilimwambia apeleke kwa fundi. Akasema fundi atamweka mpaka Pasaka, na yeye kesho ana mnada." Ndiyo, nilisikia kijembe, nikakimeza. Akakitandika kiraka juu ya goti. "Mwone. Kama baka la yule ng'ombe wake mwekundu."

Dada, akili yangu iliruka. Mtu aliyeishi na ng'ombe, nilikuwa namfanyia mito ya nini? Nikamshika Mayu mikono nikamwambia, "Mayu, nitawashonea ng'ombe! Viraka ndivyo vitakuwa mabaka." Akauliza kama nitaweza pembe.

Tangu siku hiyo nyumba haikutulia. Kulikuwa na pamba kidogo aliyoivuna mzee mwenyewe msimu wake wa mwisho, Mayu alikataa kuiuza. Tukakaa na wajukuu uani tukiitoa mbegu kwa vidole, ndiyo tuliyojazia matumbo ya ng'ombe. Vile vifungo visivyofanana vikawa macho. Mishono yake ile ya magunia sikuigusa hata mmoja, niliikata kwa kuizunguka. Na kila ng'ombe Mayu alimpa jina la ng'ombe wa kweli aliyewahi kupita zizini, na kumbukumbu zake zote. "Huyu alikuwa mwizi wa mahindi. Huyu alimpiga teke Masunga." Watoto wanapigania mwizi wa mahindi!

Likabaki koti. Mayu aliwaita wanawe wote wawili, akaamuru kila mmoja ashike upande wake. Wakashika, mmoja anatazama mashariki, mwingine magharibi. Nikafumua mshono wa mgongoni uzi mmoja mmoja. Uzi wa mwisho ulipokatika kila mmoja akabaki na nusu ya baba yake mkononi.  Maduhu aliondoka kwenda nyuma ya zizi, akakaa huko kwa muda.

Kwenye nusu hizo nilitoa madume mawili, makubwa kuliko wote, lenye kola likiwa na shingo nene.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe ya kuanua matanga. Wageni walijaa, kuna waliotoka mpaka Binza kule Maswa. Maduhu alifika asubuhi, akasalimu uani kote, akampita kaka yake kama kawaida.  Mayu akakaa kwenye kigoda cha mumewe akaanza kugawa. Dada, huku anayegawa ng'ombe ni mwanamume. Mayu hajawahi kumpa mtu ng'ombe maishani mwake. Jana alimwita mjukuu mmoja mmoja, akamkabidhi wake kwa mikono miwili na kumwambia, "Huyu wako. Mchunge." Wazee wakacheka mwanzoni, kisha wakaacha kucheka.

Akamaliza na wanawe. Masunga akapewa dume lake, Maduhu lake. Wakasimama nayo, wanaume wazima wenye ndevu. Mara nikamsikia Masunga anasema, kama anajisemea, "Langu lina shingo."

Maduhu akalitazama. "Langu lina mfuko wa kifuani," akajibu. Akaingiza vidole mfukoni humo, akaviacha humo, na uso wake ukabadilika. Jua lilikuwa linazama. Akamsogelea kaka yake, akakunja magoti kidogo kama inavyompasa mdogo mbele ya mkubwa, na jioni ile akatoa salamu ya asubuhi, ile aliyomnyima mchana kutwa.

"Mwangaluka, kaka."

"Mwangaluka," Masunga akaitika. Wakaanza: habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua. Chakula kikapoa, na hakuna aliyewakatiza.

Msalimie Mama, mwambie nimenenepa. Msalimie shemeji, na mjomba wa mashineni, na wanafunzi wako wote wa cherehani. Kanuni ya viraka wafundishe, ila wafundishe na siku ya kuivunja. Ng'ombe aliye kwenye kifurushi kilichokuja na barua hii ni wa kwanza niliyemshona kwa kujaribia, miguu haijalingana. Ni wako.

Ndaga fijo, asante sana, dada.

Mdogo wako akupendaye,
Tulinagwe