Mtindi kwa Mizabibu ya Padri

Jumanne, 1 Juni 1937
Ugonjwa wa unga mweupe umefika safu ya nne ya mizabibu. Padri kashika jani, kalipuliza — halikutakata. Kasema dawa ya Ulaya haijafika stesheni ya Tororo, naye kachoka kungoja. Jumamosi ya tarehe 19 mizabibu yote ing'olewe, ipandwe kahawa. Miaka saba nimeilea! Mimi Mwislamu, nalea zabibu za divai ya misa, na bado roho inaniuma kama ni shamba la babangu.

Alhamisi, 3 Juni
Nimegundua kitu! Mzabibu wa pembeni, kwenye ua, hauna unga hata chembe. Hapo ndipo Amuge, muuza samli wa kijiji cha Mella, husuuza vibuyu vyake kila asubuhi na kurushia maji yake majani. Mara ngapi nimemgombeza! Leo nimemwomba mtindi unaobaki akishatoa siagi. Kacheka. "We Nurudin, nataka kunywesha miti? Ng'ombe yangu nasikia vibaya." Lakini kanipa debe.

Jumatatu, 7 Juni
Aibu. Jioni tatu nimenyunyiza kwa ufagio, saa ile ile tunayomwagilia mboga. Majani yananuka, nzi wamejaa, unga uko palepale. Mke wangu Madina kanitania: mizabibu inakunywa maziwa, sisi chai kavu. Kisha nikakumbuka — Amuge husuuza asubuhi, jua likipanda, tena ni maji yenye mtindi kidogo tu. Mjinga mimi!

Jumanne, 8 Juni
Asubuhi. Mtindi bakuli moja, maji bakuli tisa. Nimepunguza na majani ya ndani, jua na upepo vipite.

Jumatatu, 14 Juni
Safu ya kwanza safi. Ya pili safi! Nimeimba nikipalilia mpaka Padri kachungulia dirishani. Sijamwambia neno. Aone mwenyewe.

Ijumaa, 18 Juni
Nimetoka msikitini, namkuta Padri kapiga magoti kati ya safu, anageuza jani moja moja. Hakuna unga! Kauliza ni dawa gani. Nikamwita Amuge. Akatua kibuyu: "Ni hii tu, Padri. Kesho wewe nang'oa, ama mimi naleta debe mbili?"

Kabla hajajibu, tarishi kaleta barua ya stesheni: magunia ya dawa ya Ulaya yamefika, je, yaletwe au yarudishwe? Padri kaisoma, kanikabidhi mimi. Eti mwenye mizabibu ndiye ajibu.

Mwenye mizabibu!

Nimeomba nafasi nichonge kalamu, ndiyo hii naandikia. Tarishi yuko mlangoni. Amuge kakalia debe lake, ananitazama. Kwenye karatasi nimeandika salamu tu; sasa naongeza: magunia yarudishwe, mtindi unatosha.