Kasuku Anataka Mazungumzo

Jumatatu, 7 Agosti
Niken kahamia Semarang kikazi. Nyumba aliyopanga haipokei ndege, basi katuachia kasuku wake, Lombok, mwekundu kama pilipili. "Mpendeni, Mama. Ana hisia." Hisia! Miaka thelathini na mbili nimo ndani ya nyumba hii, hakuna aliyewahi kuacha maagizo kuhusu zangu.

Baba Niken kafurahi kama bwana harusi. Mwanamume kamili wa Kijava, husema, ana vitu vitano: nyumba, mke, farasi, kisu cha ukoo na ndege. Tangu hua wake afe alikuwa na upungufu. Farasi hatujawahi kuwa naye. Mke yupo, jikoni.

Jumatano, 9 Agosti
Kizimba kimepandishwa juu ya mlingoti uani, kama cha yule hua. Asubuhi kuogeshwa na kuanikwa juani. Kisha kitambaa cheusi juu yake mchana kutwa, "ili sauti ikomae". Nikasema huyu si hua.

"Mama Niken, mimi nafuga ndege tangu hujajua kupika."

Haya, bwana fundi. Sauti imekomaa kweli — jirani kaja kuuliza tunamchinja nani.

Jumatano, 16 Agosti
Anajinyonyoa! Kifua chote kiko wazi, kama kuku wa sokoni. Kesho Siku ya Uhuru, kila nyumba imetundika bendera nyekundu na nyeupe. Sisi tunayo hai: nyekundu mgongoni, nyeupe kifuani. Nimecheka, halafu nimeona aibu. Hali chakula. Akifa, nitamwambia nini mwanangu?

Ijumaa, 18 Agosti
Daktari wa mifugo ni binti mdogo, mpole. Kasema ndege haumwi, ana upweke. Kasuku ni wa kundi, ukimfunika na kumtenga anajinyonyoa. Ashushwe, ale nasi, tuzungumze mbele yake.

"Huwa mnazungumza?"

Nikamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama kalenda ukutani. "Kwa kiasi," akasema. Muongo! Mwaka huu tumezungumzia gesi na mbu.

Kitambaa cheusi nimekifanya cha kufutia jiko.

Alhamisi, 24 Agosti
Tiba imeanza. Kizimba kiko jikoni. Baba Niken kakaa mkekani, mgongo wima kama yuko mbele ya mkuu wa wilaya. Huku akimtazama ndege, akaniuliza, "Umelalaje?"

Nikajibu, nami nikimtazama ndege: vibaya, umekoroma.

Lombok akala kipande cha papai. Basi tukaendelea, kwa ajili ya afya yake. Nimejua leo kwamba mume wangu anaogopa kwenda kupima macho. Nami nikamwambia sijawahi kumpenda yule kambare anayeninunulia kila siku yangu ya kuzaliwa.

"Mbona hukusema?"

"Hukuuliza."

Lombok akala kipande cha pili. Mbea huyu!

Jumamosi, 16 Septemba
Manyoya yanaota. Mgonjwa anaendelea vizuri, madaktari pia. Jana Baba Niken alisimulia alivyoanguka kwenye tope la mpunga siku aliyokuja kuniposa. Sikuwahi kujua! Alikaa mbele ya baba yangu na suruali mbichi, akasingizia mvua. Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Lombok katuiga vicheko, changu na chake.

Jumapili, 8 Oktoba
Niken katuma ujumbe. Kapata nyumba yenye ua. Atapiga simu leo amwone Lombok. Kama kapona, atakuja kumchukua Jumamosi.

"Habari njema," kasema Baba Niken. Akakaa. Hakuuliza nimelalaje. Mimi nami nikasugua sufuria lililokwisha kung'aa. Naogopa, na si kwa ajili ya ndege.

Baadaye akasema polepole, "Ndege mgonjwa hasafirishwi."

"Hasafirishwi."

"Na Niken hajui kama amepona."

"Atajuaje?"

Lombok akacheka kwa sauti yangu.

Simu inalia. Ya video! Lombok yuko begani kwa Baba Niken, kifua kimejaa, anameremeta, hana haya. Baba Niken ananong'ona, kana kwamba Niken anatusikia: "Mama Niken, kile kitambaa cheusi kiko wapi?"

Nimekivuta chini ya jiko. Kinanuka mafuta ya kukaangia tempe. Simu bado inalia. Ngoja nikikung'ute kwanza —